Okidi Kwenye Beseni la Mchele

Ukitaka kumkasirisha Fundi, mpelekee simu iliyotumbukia majini halafu mwambie "ilipata unyevu kidogo tu." Unyevu kidogo! Ataiweka simu yako mezani kama anayelaza mgonjwa, atakutazama kwa juu ya miwani, kisha atakuambia, "Dada yangu, hicho kidogo ndicho kinachoua. Yangekuwa maji mengi ungekuja mbio jana. Kwa kuwa ni kidogo, umekaa nayo wiki nzima inaoza ndani." Halafu ataifungua, atachukua mswaki mkuukuu na spiriti, atasugua bodi taratibu, ataipuliza kwa hewa ya moto, na mwisho ataizika kwenye kopo la mchele mkavu. Mchele ule haupikwi. Mkewe aliwahi kuupika kwa bahati mbaya, na hadithi hiyo tuiache ilipo.

Jina lake halisi analo, limo kwenye kitambulisho, ila hata mkewe halitumii mpaka wawe wamegombana. Alianza utundu wake utotoni, kwa kufungua redio za watu bila ruhusa. Akachapwa, akafungua tena. Mwishowe fundi mmoja wa redio akasema mtoto huyu afadhali aje afungulie kwangu, angalau kuna mtu wa kuzifunga. Redio zikapungua, simu zikaja, naye akahamia kwenye simu, katika kibanda chembamba kilichobanwa baina ya muuza viungo na duka la viatu. Akiingia mteja mnene, inabidi Fundi mwenyewe asimame. Ana lenzi ndogo anayoibana jichoni, na akishaibana ndiyo basi, humsemeshi. Mkewe husema yeye aliolewa na kichogo.

Halafu anakaa ukweni. Wenzake walimcheka weee, mpaka wakachoka wenyewe. Yeye aliwajibu kwamba nyumba aliyokuwa amepanga ilivuja, ya mama mkwe haivuji, na mwanamume mwenye akili hufuata paa. Ukweli ni kwamba walihamia pale baada ya mama mkwe kuanza kumimina chai nje ya kikombe. Alikuwa mshonaji wa nguo, tena mshonaji hasa, wa kumpima mtu kwa macho na gauni likamkaa. Mtoto wa jicho akaingia jicho moja, akaingia na la pili. Siku aliyojishona kidole aliinuka kwenye kiti, akaifunika cherehani kwa shuka, na hakuizungumzia tena.

Kikabaki kibaraza cha nyuma na okidi zake, yale maua ya kupanda vyunguni. Okidi hazimdai mtu macho, alisema. Alizijua kwa vidole, jani kwa jani, na ipi ina kiu aliijua kwa kuupima uzito wa chungu mkononi. Fundi hakuwa na habari nazo. Kwake vilikuwa vyungu vya kukwepa asije akavikanyaga akienda kuanika soksi. Mama mkwe naye hakuwa na la kumsifu. "Kazi gani hiyo," alikuwa akimwambia binti yake, kwa sauti ya kusikika kabisa, "mtu mzima kutwa nzima anachokonoa vidude." Fundi alinyamaza. Mkwe ni mkwe. Ukimjibu mchana, jioni utakula wapi?

Sasa, macho yale yalikuwa na dawa. Upasuaji mdogo tu, watu wanaingia wanatoka. Aliambiwa na binti, akaambiwa na majirani, akaambiwa hata na watu waliokuja kuazima ndoo. Akakataa kata kata. "Nione nini? Sura zenu nazijua." Walimbembeleza, wakamnunia, wakambembeleza tena. Wapi!

Kilichomtoa kwenye msimamo wake ni okidi moja, ile ya chungu chenye ufa. Iliwahi kuchanua mara moja tu, wakati macho yake tayari yana ukungu, akaishia kuona doa. Akauliza, rangi gani? Binti yake akasema zambarau. Fundi akasema waridi. Muuza viungo, aliyekuwa amekuja kusalimia, akasema hapana, ni rangi ya kitunguu ukishakimenya. Mama mkwe alikasirika vibaya sana. Yeye, aliyekuwa akitofautisha kitambaa cheusi na cheusi chenzake, leo anasimuliwa rangi na watu wasiojua rangi! Maua yakapukutika, ugomvi ukabaki, na okidi ikakaa miaka na majani matupu. Mpaka asubuhi aliyokuwa akiipapasa kama kawaida yake, akakuta kikonyo cha maua. Akakifuata kwa kidole hadi nchani, akavikuta vitumba, vidogo kama punje za dengu.

"Nipelekeni hospitali," akasema. "Hili nitaliona mwenyewe."

Jicho moja, lakini. La pili ataamua akishaona kama hilo la kwanza lina faida.

Hospitali ya macho ilikuwa mbali, na daktari alitaka kumwona mara kwa mara baada ya upasuaji, kwa hiyo ikapangwa akakae kwa mwanawe mkubwa aliyeishi karibu na huko, na binti, yaani mke wa Fundi, aende naye. Siku ya safari mama mkwe alimtafuta Fundi kwa mkono mpaka akamshika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amuoze mwanawe.

"Fundi. Vingine vikifa nitapanda vingine. Kikonyo hiki nataka nikikute."

"Utakikuta, mama."

"Usikichokonoe."

"Sikichokonoi, mama."

Jamani! Unamwambia fundi asichokonoe, kisha unamwachia funguo za nyumba.

Siku za kwanza alikuwa mtu mwema. Alizimwagia okidi maji kama alivyoelekezwa, akapita pembeni kwa adabu. Kisha asubuhi moja akaona sisimizi. Walikuwa wamepanga mstari ukutani, wanapanda kile chungu chenye ufa, wanateremka, wanasalimiana njiani kama watu wa sokoni. Fundi anawajua sisimizi. Wakiingia kwenye redio ya mtu, ujue kuna aliyeimwagia soda. Akaibana lenzi jichoni, akainama. Chini ya majani, pale jani linapolikumbatia shina, kulikuwa na vitu vyeupe kama pamba iliyochambuka. Akakigusa kimoja kwa kibano. Kikatembea.

"Kumbe mna miguu!" alipiga kelele peke yake pale kibarazani.

Alifika kazini bado anahema. Muuza viungo alikuwa akipanga vikopo vyake, mwanamke wa makamo asiyeongea bila kukushika mkono, na asiyekushika mkono bila kukuachia harufu ya karafuu.

"Hao wanafyonza," akamwambia baada ya kusikiliza. "Wanaunywa mti wako, wanakojoa sukari, sisimizi wanakuja kulamba. Waliwahi kunimalizia mlimao wangu. Chukua sabuni ya kuoshea vyombo, kidogo tu kwenye maji, uoshe majani chini na juu. Waliojificha wafuate mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti. Baada ya siku chache urudie, maana mayai yatakuwa yameanguliwa. Ukikuta mahali pameoza, kata, upake mdalasini huu kwenye kidonda. Kwenye kidonda tu, Fundi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hujasikia. Unaiwaza lenzi yako."

Na kweli alikuwa anaiwaza. Spiriti anayo! Vijiti vya pamba anavyo, kibano anacho, mswaki anao. Alijiona kama mtu aliyesomea kazi hii maisha yake yote bila kujua. Akafunga kibanda mapema, akarudi nyumbani na vifaa vyake vyote, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akaanza. Na lazima tumpe haki yake, alifanya vizuri. Kijiti kikigusa ule weupe unayeyuka, mdudu anabaki wazi, anageuka rangi ya kahawia, kwisha. Akamaliza jani hili, akaenda jani lile. Akaosha kwa povu, akasuuza, akafuta kwa kitambaa laini, akakizunguka kikonyo bila kukigusa. Sisimizi walikuja, wakakuta mgahawa umefungwa, wakaondoka. Angeishia hapo, mimi na wewe tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Lakini kuna fundi gani anayefuta simu kwa nje akamrudishia mwenyewe? Roho ikamwambia, ugonjwa unaweza kuwa ndani. Akautoa mti kwenye chungu.

Okidi haikai kwenye udongo. Inakaa kwenye vipande vya magome na mkaa, mizizi yake minene inajipenyeza humo. Akavitikisa vipande vikadondoka, na kweli, akaukuta ugonjwa. Mizizi mingi ilikuwa migumu, ya kijivujivu, mizima. Michache ilikuwa ya kahawia, laini, inanuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahaulika. Akapitisha mkasi kwenye moto, akakata ile mibovu. Vizuri. Akapaka mdalasini kwenye vidonda. Vizuri tena. Kisha akaubinya mzizi mmoja kati ya ile aliyoikata, na ukatoa maji.

Maji! Ndani ya kifaa!

Hapo akili iliondoka, mikono ikashika kazi. Mikono ya Fundi imefanya jambo moja tangu ujana wake na haiulizi. Ikachukua mswaki na spiriti, ikasugua mizizi yote, mizima kwa mibovu. Ikaleta kile kipulizio cha hewa ya moto, ikaukausha mti kuanzia ncha hadi shina. Ikamwagia mdalasini mizizi yote mpaka ikawa myekundu. Na mwisho ikaenda jikoni, ikajaza beseni mchele mkavu, ikaizika okidi ya mama mkwe humo, majani na kikonyo vikichungulia nje. Fundi akasimama akaitazama kazi yake, akaridhika. Alilala usingizi mzuri.

Kesho yake mkewe akapiga simu. Upasuaji umekwenda salama, mama amepumzika, anataka kuongea.

"Fundi, kikonyo changu?"

"Kipo, mama. Nacho kimepumzika."

Mchele ulifanya kazi yake, kwa hilo hawezi kuulaumu. Aliiacha humo siku kadhaa, kama simu mbaya anavyoziacha, na aliporudi kuitazama vizuri majani yalikuwa yamelegea, yamejikunjakunja kama pochi kuukuu. Mizizi iliyokuwa migumu ilikuwa kama kamba. Wakati anauinua mti, kitumba kimoja kilianguka juu ya mchele. Kilikuwa cha manjano. Alikiokota, akakishika kwenye kiganja, na joto likampanda hadi masikioni. Siku iliyofuata kikaanguka cha pili. Alifikiria gundi. Nakwambia kweli, alifikiria gundi.

Akampelekea muuza viungo mti wenyewe, ndani ya beseni, umefunikwa kwa taulo. Mwanamke akafunua, akatazama, akafunika tena kama anayefunika maiti.

"Mchele umeweka," akasema. "Mdalasini umeweka. Ulikuwa unatafuta nyama tu."

"Usinicheke, dada."

"Sikucheki, nalia. Nilikwambia mdalasini kwenye kidonda, kwa sababu unakausha. Wewe umempaka mwili mzima. Na spiriti juu, na moto juu! Fundi, kiumbe anakunywa kwa mizizi, wewe umemkata ulimi." Akamshika mkono. "Mimi najua wadudu. Kufufua sijui. Anayejua ni mwenye mti."

Jioni ile mkewe alipiga tena, safari hii kwa sauti ya chini, yuko uani ili mama asisikie. Bandeji imetolewa, jicho linaona. Linaona! Mama amesoma maandishi kwenye kopo la maziwa, amemwambia kaka amenenepa. Daktari anataka kumpangia la pili, maana lile lingine limeharibika zaidi, wakilichelewesha linaweza kuleta shida kubwa. Na mama amekataa kujibu.

"Anasema anarudi kwanza akalione ua lake. Akilikuta, la pili atafanya. Asipolikuta, basi, hili moja linamtosha kuwaona waongo. Mume wangu, nakuomba, hilo ua lichanue. Sina tena nguvu za kumbembeleza."

"Litachanua," akasema Fundi, huku anakitazama kikonyo kimebaki na kitumba kimoja.

Usimlaumu mkewe kwa kutojua, na usimwonee huruma sana Fundi. Aliogopa. Aliogopa kama mtoto aliyevunja sahani, ila sahani yenyewe ilikuwa jicho la mama wa watu. Mficha maradhi kifo humuumbua, alilijua hilo, lakini akatafuta uchochoro.

Alipompigia mama mkwe kesho yake alisema, "Shikamoo mama. Mama, kuna mteja wangu mmoja, ana ua kama lako. Liliingiwa na wadudu, akalitibu, wadudu wakaisha. Sasa limenyauka."

"Marahaba. Alilitibu na nini?"

Fundi akaeleza.

"Kwenye mchele," akasema mama mkwe.

"Kwenye mchele, mama."

"Huyo mteja wako mwambie ni punguani. Mti si nguo, uuanike. Una kitu cha kuandikia, au utakumbuka?" Na akaanza. Aoshe mdalasini wote kwa maji ya uvuguvugu. Aloweke mizizi mpaka irudi rangi. Airudishe kwenye magome mapya, yaliyolowa na kukamuliwa. Kikonyo akikate, maana mti mgonjwa haulei mtoto. Kisha aufunike mti wote kwa mfuko wa nailoni unaoonyesha, auweke mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali, aufungue kidogo kila asubuhi upate hewa usije ukaota ukungu. "Na aache kuushikashika! Mwambie hivyo hivyo, aache kuushikashika, mikono yake ina balaa."

"Nitamwambia. Na kikonyo, mama, ni lazima akikate?"

"Anataka ua au anataka mti?"

Fundi alishusha simu, akachukua mkasi, akaupitisha kwenye moto, akakaa juu ya ndoo. Kitumba cha mwisho kilikuwa bado cha kijani upande mmoja. Akijikalia kimya, labda kingefika. Labda kingefunguka siku moja tu, siku ya mama kurudi, akaliona, akakubali jicho la pili, na mti ukafa baadaye polepole bila mtu kulaumiwa. Aliliwaza hilo, na kulifanya lilikuwa rahisi. Kisha akakata. Machozi yalimtoka, na asingependa tuliseme, lakini yalimtoka.

Mateso yakaanza sasa. Kwa sababu ndani ya ule mfuko wa nailoni palijaa mvuke, na mvuke ndani ya kioo cha simu ndicho kitu Fundi anachokichukia kuliko vyote. Kila asubuhi alikuta matone yanateremka taratibu, mikono ikamwasha kutaka kufuta. Aliiweka nyuma ya mgongo. Alikwenda kazini, akakausha simu za watu kwa hasira mpya. Na kila jioni mama mkwe aliuliza habari za mteja.

"Yule chizi hajambo?"

"Hajambo, mama. Anasema majani hayajazidi kulegea."

"Haya. Anywe chai, angoje. Na langu?"

"Na lako, mama... lipo."

"Nitumie picha. Si naona sasa."

"Kamera yangu imeharibika, mama."

Fundi akayafumba macho. Yeye mwenyewe aliusikia ule uongo ulivyokuwa mbaya.

"Kamera imeharibika," akarudia mama mkwe. "Ya fundi simu. Pole, mwanangu."

Wakarudi siku ya jua, wiki zile za kukatazwa vumbi na kuinama zikiwa zimekwisha. Fundi alikuwa ameapa kusema ukweli kabla mama hajafika kibarazani. Alisimama mlangoni amevaa shati la kupigwa pasi, kama anayekwenda kuposa. Mama mkwe akashuka na miwani ya jua, akapanda ngazi bila kushikwa, akaivua miwani pale kizingitini. Akaitazama nyumba. Akaona utando wa buibui kwenye pembe ya dari, akaguna. Kisha akamtazama Fundi usoni, akamtazama na kumtazama.

"Una mvi!"

"Ndiyo, mama. Za siku nyingi."

"Na hakuna aliyeniambia." Alisema kwa uchungu, kana kwamba ameibiwa.

"Mama," akaanza Fundi, "kabla hujaenda huko nyuma—"

Alishakwenda. Miguu ilijua njia. Walipomfikia alikuwa amesimama mbele ya chungu chenye ufa, na mfuko wa nailoni mkononi. Okidi ilikuwa na majani machache, mawili yakiwa bado yana mikunjo, na pale kilipokuwa kikonyo palikuwa na kijiti kifupi kilichokauka.

"Mteja ni mimi, mama," akasema Fundi.

Mkewe akajipiga kofi mdomoni. Mama mkwe hakugeuka.

"Najua ni wewe. Nani mwingine duniani angeweka mti kwenye mchele?" Kisha sauti ikashuka. "Nilitaka kuliona, Fundi. Nilikuwa nalingoja kule hospitali, wanaponitia dawa jichoni. Nililala chali nikawa nalingoja."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Usiniambie nikusamehe sasa hivi. Ninaumia."

Basi wakasimama. Mke wa Fundi alitazama sakafu, akiliona jicho la pili linaondoka hivi hivi, na safari yote ile kazi bure. Fundi hakujitetea. Alikuwa na maneno kuhusu sisimizi na mayai na mizizi iliyooza, akayameza. Mwishowe mama mkwe alivuta kiti, akakaa, akanyoosha mikono. "Nipe hapa nione ulichoniachia." Fundi akakinyanyua chungu, akamshikia usawa wa uso.

Mama mkwe akaigeuza okidi polepole. Akalipitia jani la kwanza, juu na chini. Akalipitia la pili. Mahali fulani akasimama, akasogeza uso, akaondoa uso, akausogeza tena.

"Wewe!" akasema.

"Nini, mama?"

"Huyu hapa! Ana miguu. Ananitembelea mbele ya macho yangu, hana haya! Nimekuona, mwizi wewe, nimekuona!"

Fundi akainama, asione kitu. Akatoa lenzi mfukoni, akaibana, na ndipo akamwona: mdudu mmoja mchanga, mdogo kuliko chembe ya unga, amejibana kwenye mkunjo wa jani. Fundi alikuwa akimpita kila asubuhi.

"Umemwona bila lenzi?"

"Nimemwona kwa jicho langu. Na huu hapa mzizi mpya, ncha yake ya kijani, inatokea. Umeuona huu?"

Hakuwa ameuona. Mkewe akaja kutazama, akauona, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, hata hakujua alie kwanza au acheke.

"Lete pamba," akasema mama mkwe. "Lete na spiriti yako. Kaa mbali na mchele."

Akakichovya kijiti, akakikamua ukingoni mwa chupa, akampata mdudu yule mara moja, mkono umetulia kama wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Halafu akafanya jambo. Akalifunika jicho jipya kwa kiganja, akabaki na lile lingine. Akaitazama okidi. Akaufungua mkono, akatazama. Akafunika tena, akakaa hivyo kitambo, uso umeelekea mti ambao kwa jicho lile ulikuwa doa tu.

"Hapa wamo wengine," akasema, kiganja bado kipo usoni, "na jicho hili halinionyeshi hata mmoja."

Akaushusha mkono. Akamgeukia binti yake.

"Mpigie yule daktari. Mwambie nimekubali la pili, lakini anipe siku ya karibu. Wadudu hawa wanazaliana."